Mpunga, Tope na Stakabadhi

Dereva anayetoka Malinyi na shehena ya mpunga ana vitu viwili vya kukinga na mvua. Cha kwanza ni magunia, yaliyofunikwa turubai na kukazwa kamba mpaka gari likawa kama kichuguu. Cha pili ni karatasi: kadi ya gari, bima, leseni ya usafirishaji, stakabadhi ya ushuru wa mazao, risiti ya mnunuzi. Hizi hufungwa kwenye nailoni na kufichwa nyuma ya kiti, na utingo haruhusiwi kuzigusa akiwa na mikono ya grisi. Gunia likilowa, hasara yake inahesabika. Stakabadhi ikilowa mpaka wino ukayeyuka, mjadala wake kwenye geti la ushuru unaweza kula nusu siku.

Historia ya malori Tanzania ikisimuliwa, kwa kawaida huanzia barabara ya Zambia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, njia ya kusini ikawa taabu kwa Zambia, na mafuta yake yakaanza kupandishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya vumbi ambayo Wazungu waliifananisha na jehanamu. Fiat zilizopita humo bado zina sifa vijiweni kwa wazee. Ni simulizi nzuri, ila barabara ile inapita Mikumi bila kugeuza shingo. Ukikata kushoto pale Mikumi, ukashika Kidatu na Ifakara, kisha ukavuka Mto Kilombero na kuchukua mkono wa kulia Lupiro kuelekea Malinyi, unaingia kwenye historia nyingine: ya mizigo isiyokwenda nchi yoyote ya jirani, lakini yenye makaratasi kana kwamba inakwenda.

Kabla ya lori kulikuwa na mtumbwi. Bonde la Kilombero ni tambarare ya mafuriko yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, na humwagiwa maji na Mnyera, Ruhuji, Mpanga, Kihansi na vijito visivyo na idadi. Masika yakishika, palipokuwa njia panakuwa ziwa, na Wandamba, watu wa kasia na nyavu, ndio waliojua pa kupita. Mtumbwi haukuwa na klachi ya kuungua wala kadi ya kuonyesha. Lori lilipofika wakati wa Mwingereza lilikuja kama mgeni wa kiangazi: linaingia nchi ikikauka, na mwenye akili analitoa kabla mvua hazijachanganya.

Reli ingeweza kubadili mambo. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa 1976, ilipita Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Vyote hivyo viko upande wa kaskazini wa bonde. Malinyi ikabaki ng'ambo, ikiisikia treni kwa habari.

Karatasi nzito kuliko zote katika miaka hiyo haikuhusu gari, ilihusu mzigo. Shirika la Taifa la Usagishaji, ambalo kila mtu alilijua kama NMC, ndilo lililokuwa mnunuzi halali wa nafaka. Mtu binafsi hakuruhusiwa kusafirisha zaidi ya kilo 30 bila kibali. Kilo 30 ni debe moja na kitu. Ni zawadi ya kumpelekea shangazi mjini, si biashara. Lori la mtu binafsi lenye mpunga lilikuwa na mashaka tangu linawashwa. Mwaka 1984 kiwango kikapandishwa hadi kilo 500, na 1987 kizuizi hicho kikaondolewa kabisa ndani ya nchi. Wafanyabiashara wakaingia bondeni, na mchele wa Kilombero ukaanza kutafuta jina lake kwenye masoko ya Dar es Salaam.

Kilichokuwa hakijarudi ni vipuri. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimemeza magari na fedha za kigeni, na magari mapya yaliingia nchini kupitia State Motor Corporation, kwa foleni. Matairi yalitengenezwa General Tyre, Arusha, na hayakutosha. Gari likiharibika liliwekwa juu ya mawe, likavuliwa matairi ya kuvalisha jingine, kisha beringi, kisha injini, mpaka likabaki chesi ya kuanikia nguo. Hapo ndipo lilipozaliwa lile fundisho la mafundi wa chini ya miti ambalo vyuo havikulitoa: jani la springi la gari moja kuchongwa likae kwenye gari lingine, senta bolti ya kufua kwa nyundo, gasketi ya kukata kwenye boksi.

Karatasi ya mzigo nayo haikufa, ilibadilisha mwenyewe. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 ilizipa halmashauri haki ya kutoza ushuru wa mazao, na zilipoanza kazi upya mwaka 1984 zilikuwa na chanzo cha mapato kinachopita barabarani kikiwa kimefunikwa turubai. Geti likasimama. Kwa mkulima geti ni makato. Kwa dereva ni muda, maana si yeye anayelipa ushuru lakini ni yeye anayelala pale mnunuzi asipopatikana kwa simu. Malinyi yenyewe ilipomegwa kutoka Ulanga na kuwa wilaya katikati ya miaka ya 2010, safari ileile ya kwenda Ifakara ikapata mpaka mmoja zaidi wa kiutawala.

Halafu kuna mizani, na hapa mambo yanakuwa matamu. Bondeni mpunga huhesabiwa kwa gunia. Mizani huhesabu kwa kilo. Katikati yake imekaa lumbesa, lile gunia lililoshonewa kofia juu, ambalo Wakala wa Vipimo umelipiga marufuku mara nyingi na ambalo halijawahi kukubali kufa. Mwenye mzigo anasema magunia 100, makuli wanapakia magunia 100, na hakuna anayejua ni tani ngapi. Ongeza tope lililogandamana chini ya chesi. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, ekseli moja yenye matairi manne haitakiwi kuzidi tani 10, na gari zima na tela lake tani 56. Gari linaweza kuwa halali kwa jumla na likakamatwa kwa ekseli moja, kwa sababu magunia yalisogea nyuma lilipokuwa likipanda kutoka kwenye dimbwi. Dawa ni kufaulisha mzigo kwenye gari lingine au kuupanga upya hapohapo, na makuli wa mizanini hawafanyi kazi kwa bei ya Malinyi.

Kabla ya yote hayo palikuwa na mto. Kwa miongo, kila kilichotoka Malinyi na Mahenge kwenda Ifakara kilisubiri kivuko. Maji yakijaa, kivuko kinasimama. Kivuko kikiharibika, kila mtu anasimama. Bima ina tarehe ya mwisho, leseni ina tarehe, na mpunga uliovunwa mbichi una tarehe yake pia, lakini foleni ya kivukoni haikuwa na kalenda. Januari 2016 MV Kilombero II ilipinduka kwa dhoruba ikiwa na watu na magari. Miaka miwili baadaye, Mei 2018, Rais John Magufuli alizindua daraja la mita 384 mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kulala.

Karatasi nazo zilipunguzwa kidogo. Bajeti ya 2017/18 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Ushuru wa mazao ya chakula ulishuka kutoka asilimia 5 hadi 2, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa. Msamaha huo ulimfaa mwenye pikipiki ya matairi matatu kuliko mwenye Fuso. Mwaka 2019 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ikachukua nafasi ya SUMATRA, na madereva wakajifunza jina jipya kwenye leseni ileile ya usafirishaji.

Lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, iliwekewa jiwe la msingi Mei hiyohiyo ya 2018, na kazi yake ikajikokota kwa miaka. Juni 2023 serikali ilisaini mkataba wa barabara ya kilomita 435.8 kutoka Ifakara kupitia Lupiro na Malinyi hadi Lumecha, mkoani Ruvuma. Masika yaliyofuata mafuriko yalilikumba bonde, na malori yakarudi kwenye sepetu, minyororo na trekta la kukodi.

Gari linalopanda kwenda Malinyi siku hizi huvuka mto kabla dereva hajamaliza kumenya chungwa. Hufika njia panda ya Lupiro, likasimama. Utingo anashuka kugonga matairi kwa nyundo. Dereva anavuka barabara kwenda kwa mwenzake aliyetoka juu, ambaye gari lake limepakwa tope mpaka kwenye vioo, anamsalimia na kumuuliza: "Kaka, mbele kunapitika?"