Kampaundi binari

Kampaundi binari ni kampaundi ya kikemia iliyoundwa na elementi mbili tu. Kinachohesabiwa ni aina za elementi, si idadi ya atomi. Molekuli ya hidrojeni peroksidi (H₂O₂), dawa ya kusafishia vidonda, ina atomi nne lakini ni binari, kwa kuwa ina hidrojeni na oksijeni peke yake. Gesi ya oksijeni (O₂) si kampaundi, maana atomi zake zote ni za elementi moja.

Chimbuko la majina

Zamani dutu ziliitwa kwa rangi, asili au mgunduzi wake. Mwaka 1787 wanakemia wa Ufaransa, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walitoa utaratibu wa kuzitaja kwa elementi zilizomo. Leo kanuni hizo husimamiwa na IUPAC, chombo cha kimataifa kilichoundwa mwaka 1919.

Metali na simetali

Metali hutajwa kwanza, kisha simetali ikiishia kwa *-idi*. Chumvi ya mezani ni sodiamu kloridi (NaCl). Chokaa kabla ya kuzimwa kwa maji ni kalisiamu oksidi (CaO). Metali yenye ioni za chaji tofauti huongezewa namba ya Kirumi, kwa mfumo wa Mjerumani Alfred Stock: chuma(II) kloridi ni FeCl₂, na chuma(III) kloridi ni FeCl₃. Namba hiyo huonyesha chaji ya chuma, haihesabu atomi za mwenzake. Ndiyo maana chuma(III) oksidi ni Fe₂O₃.

Simetali mbili

Hapa idadi ya atomi huonyeshwa kwa viambishi vya Kigiriki: *mono-* (1), *di-* (2), *tri-* (3), *tetra-* (4), *penta-* (5). N₂O₄ ni dinitrojeni tetroksidi. PCl₅ ni fosforasi pentakloridi. *Mono-* haiwekwi kwenye elementi ya kwanza.

Yanayokiuka kanuni

Maji (H₂O), amonia (NH₃) na methani (CH₄) ni binari zilizobaki na majina ya mazoea. Nayo *-idi* si ushahidi kamili: sodiamu hidroksidi (NaOH) ina elementi tatu.

Kiambishi kimoja hutenganisha dutu mbili zisizofanana kabisa. Kaboni dioksidi (CO₂) hutoka katika kila pumzi ya mtu. Kaboni monoksidi (CO), itokayo kwenye jiko la mkaa, huua watu waliolala katika chumba kilichofungwa.