Breka inapojizima: Namna ya kukabili hitilafu za umeme nyumbani bila kuhatarisha maisha

KILA nyumba inapoteketea mjini, wakazi wamezoea kusikia kuwa chanzo cha moto huo ni hitilafu ya umeme. Maelezo hayo huwa mafupi, na mara chache huelezwa hitilafu hiyo ilianza lini, ilitoa dalili gani na nani alizipuuza. Ukweli ni kwamba hitilafu nyingi za umeme majumbani hujitangaza mapema.

Katika nyumba za kupanga jijini Dar es Salaam, mkasa ufuatao si mgeni. Soketi za vyumba vitatu zimeunganishwa kwenye breka moja ya ampea 16. Jioni, chumba cha kwanza kinachemsha maji kwa birika la wati 2,200, cha pili kinapiga pasi ya wati 1,200 na cha tatu kinapika kwa jiko la wati 2,000. Baada ya dakika kadhaa vyumba vyote vinakosa umeme. Mtu anakwenda kwenye kisanduku na kuinua breka, inashuka, naye anaiinua tena. Baada ya wiki nzima ya kero hiyo anaitwa kijana wa mtaani, ambaye anaondoa breka ya ampea 16 na kufunga ya ampea 32. Wapangaji wanashukuru kuwa kero imekwisha, kumbe hatari ndiyo kwanza imeanza.

Breka inalinda nini

Watu wengi hudhani kuwa breka ipo ili kulinda televisheni au jokofu. Kazi yake hasa ni kulinda nyaya zilizofichwa ukutani na darini zisipitishe umeme mwingi kuliko unene wake unavyoruhusu.

Hesabu yake si ngumu. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Ukigawanya wati za kifaa kwa volti hizo, unapata ampea zake. Birika, pasi na jiko vilivyotajwa vina jumla ya wati 5,400, yaani zaidi ya ampea 23. Kwa breka ya ampea 16 huo ni mzigo uliopita kiasi, hivyo ilikuwa na haki ya kujizima.

Breka ya ampea 32 hairefushi wala hainenepeshi waya uliomo ukutani. Waya ule ule sasa unaachwa upate moto kila jioni, ganda lake la plastiki linakauka na kupasuka taratibu, mpaka siku moja waya wa moto na wa nyutro vinagusana juu ya mbao za dari. Kwa sababu hiyo, breka au fyuzi haipaswi kubadilishwa kwa nyingine kubwa zaidi bila fundi kuthibitisha unene wa nyaya. Vivyo hivyo, kuziba nafasi ya fyuzi kwa msumari au kipande cha waya ni sawa na kumfukuza mlinzi ili mtu alale vizuri.

Kutafuta chanzo kwa utaratibu

Umeme unapokatika, jambo la kwanza ni kutazama kama majirani wanao. Kama wanao, zitazamwe uniti za Luku kabla ya kwenda kwenye kisanduku cha breka.

Iwapo breka imeshuka, ni vema kukumbuka namna ilivyoshuka. Breka inayojizima baada ya dakika kadhaa za matumizi makubwa kwa kawaida inalalamikia mzigo. Inayoshuka papo hapo inapoinuliwa inaashiria shoti, na haifai kulazimishwa.

Hatua inayofuata ni kuchomoa vifaa vyote vinavyotumia breka hiyo, kisha kuiinua mara moja tu. Ikikaa, vifaa vinarudishwa kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha ndicho chenye kasoro, nacho hupelekwa kwa fundi. Ikishuka wakati hakuna kifaa chochote kilichochomekwa, tatizo limo ndani ya nyaya, soketi au taa zenyewe. Hapo kazi ya mwenye nyumba inaishia. Breka iachwe chini, aitwe fundi.

Baadhi ya nyumba zina pia swichi inayokata umeme unaovuja, ambayo hutambulika kwa kitufe chake kidogo cha majaribio. Swichi hiyo, hasa ile ya miliampea 30, ndiyo inayomlinda binadamu, kwa kuwa umeme mdogo sana usioweza kuangusha breka ya kawaida unatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Ikiwa inajizima mara kwa mara, vya kuchunguzwa kwanza ni hita ya maji, pasi, jokofu na taa za nje zilizonyeshewa. Kitufe chake kibonyezwe kila baada ya miezi michache. Swichi isiyojizima inapobonyezwa haina tena msaada wowote.

Hitilafu ambazo breka haizioni

Breka ina upofu wake pia. Skrubu ya soketi ikilegea, au maungio ya nyaya darini yakifungwa kwa tepu tu, umeme hupita kwa shida mahali hapo na kuzalisha joto kali. Kiasi cha umeme kinabaki kile kile, hivyo breka haioni kosa lolote, huku plastiki ikiungua kidogo kidogo.

Ulinzi pekee hapo ni pua, macho na masikio ya waliomo ndani. Harufu ya plastiki inayoungua, soketi iliyobadilika rangi, plagi yenye joto inapochomolewa, mlio wa cheche ndani ya swichi na taa inayocheza kila mlango unapofungwa kwa nguvu ni dalili za maungio yaliyolegea. Soketi ya namna hiyo haifai kutumiwa hata kwa kuchajia simu. Breka yake izimwe siku hiyo hiyo.

Ipo dalili nyingine inayohitaji haraka zaidi: taa kung’aa kupita kiasi kisha kufifia, na vifaa kutoa ngurumo zisizo za kawaida. Huenda waya wa nyutro umekatika au kulegea, pengine nje ya nyumba, na hali hiyo inaweza kupandisha volti kiasi cha kuunguza kila kilichochomekwa. Swichi kuu izimwe, kisha itolewe taarifa kwa shirika la umeme. Nyaya za nguzoni, mita na lakiri zake si za kuguswa na mteja wala fundi wa mtaani.

Vilevile, mtu anayesisimkwa anapogusa bomba la maji, mlango wa jokofu au bati la nyumba asione ni jambo la kuzoea. Waya uliobanwa chini ya bati au misumari ya paa unaweza kulifanya paa zima kuwa na umeme, na mvua ya kwanza ya vuli ndiyo huleta msiba.

Kabla ya kugusa waya

Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi kabla ya kufungua soketi au taa. Katika nyumba zilizotandazwa nyaya ovyo, swichi inaweza kukata waya wa nyutro na kuuacha wa moto ukiwa hai. Breka husika, au swichi kuu, ndiyo ya kuzimwa.

Kwenye nyumba yenye watu wengi hatari huja pia kutoka kwa jirani wa chumba. Akiona giza, huenda kisandukuni na kuwasha bila kuuliza. Ni lazima wote waambiwe, kisanduku kifungwe au kiwekwe tangazo, na ikiwezekana mtu mmoja asimame hapo mpaka kazi iishe. Panapokuwa na jenereta, betri au umeme wa jua, navyo vizimwe.

Kisha waya upimwe. Testa ijaribiwe kwanza kwenye soketi yenye umeme, ipimwe pale panapokusudiwa kufanyiwa kazi, halafu irudishwe tena kwenye soketi ile ya kwanza. Testa iliyoharibika haiwaki, na wengi wamechukulia ukimya wake kuwa ni usalama. Mikono, viatu na sakafu viwe vikavu.

Kazi ya mwenye nyumba, kazi ya fundi

Kubadili balbu, kubadili fyuzi ya plagi na kufunga plagi mpya ni kazi ambazo mtu mzima makini anaweza kuzifanya. Plagi ya pini tatu ikifunguliwa na pini ndefu ikawa juu, waya wa bluu, yaani nyutro, hukaa kushoto. Wa kahawia, yaani wa moto, hukaa kulia kwenye fyuzi. Na wa kijani na njano, unaoelekea ardhini, hukaa juu. Nyumba za zamani zina nyaya nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, hivyo rangi pekee isiaminiwe bila kupima. Fyuzi ya ampea 3 hutosha vifaa visivyozidi wati 700, na ya ampea 13 ni ya vifaa vikubwa.

Tabia ya kusukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie inafaa kukomeshwa. Tundu hilo hufungua vizuizi vilivyowekwa kuwakinga watoto, na kifaa cha bati kinachotumiwa hivyo hakina waya wa ardhini wa kumwokoa mtu. Ekstensheni nayo isichomekwe juu ya ekstensheni nyingine, wala kupitishwa chini ya zulia.

Kuongeza soketi, kubadili breka, kurekebisha nyaya za darini, kufunga hita ya maji na kuunganisha jenereta ni kazi za fundi mwenye leseni. Kwa Tanzania Bara, leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), na mteja ana haki ya kuomba kuiona kabla ya kazi kuanza. Jenereta iliyochomekwa kwenye soketi bila swichi maalumu ya kubadilishia inaweza kurudisha umeme nguzoni na kumuua fundi anayeamini kuwa laini imezimwa.

Ajali inapotokea

Anayeona mwenzake amenaswa na umeme asimshike. Umeme ukatwe kwanza. Ikishindikana, asimame juu ya kitu kikavu na kumtenganisha kwa mti mkavu au plastiki. Kama majeruhi hapumui, aite msaada na kuanza kumkandamiza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hata aliyezinduka apelekwe hospitali, kwa kuwa moyo unaweza kuleta matatizo baadaye.

Moto wa umeme hauzimwi kwa maji wakati nyaya zina umeme. Swichi kuu izimwe kama inafikika, kitumike kizimamoto cha unga mkavu au cha gesi ya kabonidayoksaidi, watu watolewe nje na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa wapangaji wa vyumba vile vitatu, ufa ulijionyesha wiki nzima kila breka iliposhuka. Dawa yake ilikuwa kupeana zamu za kutumia birika, pasi na jiko, au kuchangishana fedha za fundi wa kutenganisha nyaya za kila chumba. Njia zote mbili zina gharama ndogo kuliko kitanda kimoja kilichoungua.