GitHub: namna ya kufanya hesabu za profili zionyeshe kazi ya kweli

Kijana wa Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo mwenye kutafuta kazi ya kuandika programu, zaidi sana kazi ya kufanyia mbali kupitia intaneti, mara nyingi anaombwa vitu viwili: CV na anwani ya profili yake ya GitHub. Mwenye kutoa kazi hamjui, na hata chuo alichosomea pengine hakijui. Anafungua profili na kutazama. Akikuta ni tupu, anaweza kuwaza kama kijana huyo hajafanya kitu. Kumbe mara nyingi kazi iko, ila haihesabiwi.

GitHub ni nini

GitHub ni ghala kubwa la kode kwenye intaneti. Lilifunguliwa mwaka wa 2008, na kampuni Microsoft ikalinunua mwaka wa 2018 kwa dola miliari 7,5. Linatumia Git, programu iliyotungwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005. Kazi ya Git ni kuchunga historia ya kode: nani amebadilisha nini, tarehe gani, saa gani. Kila badiliko lililochungwa hivyo linaitwa komiti.

Kwenye profili ya kila mtu kuna ubao wa vyumba vidogo, kimoja kwa kila siku ya mwaka uliopita. Siku yenye kazi inapata rangi ya kijani, na kazi ikiwa nyingi kijani kinakolea. Kuna pia nyota ambazo watu wengine wanapatia kazi iliyowapendeza, na alama ndogo za pongezi zilizoanza kutolewa mwaka wa 2022.

Kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Ubao unahesabu komiti, matatizo ambayo mtu ameripoti, maombi ya kuunganisha kode yake na ya wengine, na kazi ya kuchunguza kode ya wenzake. Lakini komiti inafaa kutimiza masharti. Hapa njo wengi wanapotea.

Sharti la kwanza ni imeili. Kila komiti inabeba imeili iliyoandikwa ndani ya Git kwenye kompyuta. Kama imeili hiyo haiko kwenye konti ya GitHub, kazi haimhesabikii mwenyewe. Inatokea sana kwa mwenye kufanyia kazi kwenye mashini ya rafiki, ya chuo, ao ya sibere. Kwa kuhakikisha, inatosha kuandika amri hii kwenye mashini: git config user.email. Kama imeili inayotokea ni yake lakini ya zamani, anaiongeza kwenye konti na kuithibitisha. Komiti za nyuma nazo zitaanza kuonekana.

Sharti la pili ni tawi. Komiti inahesabiwa ikifika kwenye tawi kuu la ghala. Kazi iliyobaki kwenye tawi la pembeni inangoja mpaka iunganishwe.

Sharti la tatu linahusu nakala. Mtu akichukua nakala ya ghala la mwengine na kufanya kazi ndani yake, komiti zake hazihesabiwi mpaka mwenye ghala akubali kuziunganisha na kazi yake.

Kuna pia kazi za siri, kwa mfano kode ya kampuni ao ya shirika. Zenyewe zinaweza kuonekana kwa hesabu tu, bila jina la ghala, kama mwenye konti amewasha chaguo hilo kwenye profili yake. Na baada ya kutuma kazi, si vizuri kuhangaika haraka: ubao unaweza kuchukua hata saa 24 kabla ya kubadilika.

Umeme, mega na saa ya mashini

Kwa wakaaji wa mashariki, habari nzuri ni hii: Git haihitaji intaneti kwa kuandika komiti. Mtu anaweza kufanya kazi siku tano bila mega, akiandika komiti kila siku, kisha siku ya sita akapata intaneti na kutuma zote mara moja. Kila komiti itaingia kwenye siku yake, si siku ya kutuma. Kwa hiyo kosa ni kungoja intaneti ndio mtu aandike komiti moja kubwa ya juma nzima. Komiti ndogo ndogo, kila moja na maelezo mafupi ya kilichofanyika, zinasomeka vizuri zaidi na zinaonyesha mwendo wa kazi. Hata mwenye telefone ya Android tu anaweza kutumia Git kupitia programu Termux.

Lakini tarehe inatoka kwenye saa ya kompyuta. Mashini ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa inarudi miaka nyuma kila mara umeme unapokatika. Komiti zikiandikwa wakati huo, zinaenda kwenye mwaka ambao hakuna mtu atautazama. Inafaa kuangalia saa na tarehe kabla ya kuanza. Kivu zote mbili, Ituri, Maniema na Tanganyika ziko saa mbili mbele ya saa ya kimataifa, si saa moja sawa Kinshasa.

Hesabu za uongo

Kwa sababu tarehe inatoka kwenye mashini, mtu anaweza kuidanganya na kujaza ubao mzima kijani kwa dakika chache. Wenye kuajiri wanajua. Wanabonyeza chumba kimoja na kukuta faili moja iliyobadilishwa herufi moja mara mia. Hapo mtu anapoteza kuaminiwa, hata kama kazi yake nyingine ilikuwa ya kweli.

Nyota nazo zinauzwa. Mwaka wa 2024 watafiti walitangaza kwamba wamekuta nyota milioni 4 na nusu zinazoshukiwa kuwa za uongo. Sheria za GitHub zinakataza biashara hiyo, na konti inaweza kufungwa.

Mfano mwengine ni wa Hacktoberfest, shindano la kila mwezi wa kumi linalotayarishwa na kampuni DigitalOcean ya Marekani. Mwaka wa 2020, mtu alipotuma maombi manne ya kuunganisha aliweza kupata tisheti. Watu wengi walituma mabadiliko yasiyo na maana, na wenye maghala wakachoka kuyakataa. Kabla mwezi haujaisha, sheria ikabadilishwa: yakahesabiwa tu maghala yaliyokubali kushiriki.

Kufanya kazi kila siku bila kupumzika pia si lazima. GitHub yenyewe ilikuwa inaonyesha hesabu ya siku zilizofuatana, lakini iliiondoa mwaka wa 2016.

Kinachosomwa zaidi

Mwenye kupita kwenye profili anatazama juu kwanza. GitHub inaruhusu kuweka hapo maghala 6 ya kuchagua. Matatu yaliyokamilika yanazidi sita ya masomo yaliyoachwa katikati. Kila ghala linahitaji faili README yenye kueleza programu inafanya nini, namna ya kuiwasha, na picha yake moja. Tena, mtu akifungua ghala la wazi lenye jina sawa kabisa na jina la konti yake, README ya ndani inatokea juu ya profili sawa utambulisho.

Kwa mwenye kuanza, si lazima atunge kitu kipya. KoboToolbox, ambayo wachunguzi wengi wa mashirika wanaijua kwa kukusanya majibu vijijini, kode yake iko wazi kwenye GitHub. Kode ya ramani OpenStreetMap iko pale vilevile. Kuripoti kosa kwa maelezo kamili, ao kusahihisha maelezo ya Kifaransa, ni kazi, na inahesabiwa.

Kulinda konti

Tangu mwaka wa 2023, GitHub inaomba wenye kuandika kode watumie uthibitisho wa pili, kwa kawaida kupitia telefone. Telefone ikiibiwa na namba za kurudishia konti hazikuandikwa popote, kazi ya miaka inaweza kubaki nje ya mikono ya mwenyewe. Namba hizo zinafaa kuandikwa kwenye karatasi na kuchungwa nyumbani, mbali na telefone.

Neno la siri la aina yoyote halifai kuingia ndani ya kode: hata likifutwa, historia inalichunga. Imeili nayo inasomwa na kila mtu ndani ya komiti. Asiyetaka ijulikane anaweza kutumia ile ya kuficha ambayo GitHub inatoa, na kazi itahesabiwa sawa kawaida.