Ngome Inayojitoa: Historia ya Fumbo la Saavedra

Fumbo la Saavedra ni fumbo la mwisho wa mchezo wa sataranji lenye kete nne tu ubaoni: mfalme na kitunda kimoja kwa upande mweupe, mfalme na ngome kwa upande mweusi. Lilipata sura yake katika safu ya sataranji ya gazeti la Weekly Citizen la Glasgow, Uskoti, mwaka 1895. Umaarufu wake umetokana na mambo mawili yasiyotarajiwa: ngome inayojitoa ili iliwe, na kitunda kinachokataa kuwa malkia.

Kuitoa ngome kafara si jambo geni katika mafumbo. Waarabu wa zama za Bani Abbas walitunga mengi waliyoyaita mansuba, na as-Suli wa Baghdad, aliyeishi hadi karne ya 10, alikuwa miongoni mwa mabingwa wa sanaa hiyo. Fumbo lao linalojulikana kuliko yote ni la Dilaram, mke aliyewekwa rehani na mumewe katika kamari ya sataranji. Hekaya husema ni yeye aliyemdokeza mumewe atoe ngome zake zote mbili ili asimpoteze yeye. Ngome hizo hutolewa ili kumfunga mfalme wa adui. Ya Glasgow hutolewa kwa lengo jingine: mwenye kushindwa anatafuta kukwama.

Hapo ndipo sheria zinapoingia. Kukwama ni hali ya mchezaji ambaye zamu ni yake, mfalme wake hatishiwi, lakini hana pa kwenda. Katika sataranji ya Waarabu, aliyekwama alihesabiwa ameshindwa. Nchini Uingereza katika karne ya 17 na 18 mambo yalikuwa kinyume, tena cha ajabu: aliyekwama ndiye aliyepewa ushindi. Karne ya 19 ndiyo iliyoifanya hali hiyo kuwa sare. Vilevile kitunda cha Waarabu kilipofika mstari wa mwisho kiligeuka waziri dhaifu tu, anayesogea mraba mmoja kimshazari. Fumbo hili lisingewezekana kwa as-Suli hata kama angekuwa na kete zilezile mbele yake.

Chanzo chake ni mchezo uliochezwa mwaka 1875 kati ya Fenton na Potter, ukaisha kwa sare. Johannes Zukertort, mmoja wa wachezaji hodari wa zama hizo, aliuchambua katika jarida la City of London Chess Magazine mwaka huohuo na kuonyesha kwamba Fenton alikuwa na ushindi mkononi akauachia. Njia yake ilikuwa kukisukuma kitunda, kisha kumshusha mfalme hatua kwa hatua akikimbia cheki za ngome, mpaka afike mahali ambapo ngome haina tena cheki ya kutoa.

Miaka 20 baadaye, Machi 1895, Potter alifariki. Georges Emile Barbier, mhariri wa safu ya sataranji ya Weekly Citizen, alitaka kumkumbuka, akachapisha tarehe 27 Aprili hali ya ubao aliyodai imetoka katika mchezo ule. Haikutoka humo. Barbier aliandika kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ilimpa ubao mwepesi kuliko ule halisi: mfalme mweupe b6, kitunda c7, ngome nyeusi d5, mfalme mweusi h6, zamu ya Nyeusi. Kusahau kwake kuliufaa mchezo kuliko uangalifu wa wengi.

Tarehe 4 Mei alitoa jibu, ambalo ni lile la Zukertort, akaongeza changamoto: mfalme mweusi akihamishwa kutoka h6 hadi a1, Nyeusi inapata sare. Wiki moja baadaye alieleza namna. Ngome inatoa cheki kwenye d6, na mfalme mweupe anateremka b5. Akienda c5, ngome inashuka d1. Kitunda kikiwa malkia, ngome inatoa cheki c1, mfalme anaondoka, malkia aliye nyuma yake analiwa. Akipanda b7, ngome inakwenda d7 na kukibana kitunda. Kwa hiyo anabaki katika safu ya b: cheki d5, mfalme b4, cheki d4, mfalme b3, cheki d3, mfalme c2. Sasa mfalme anaishambulia ngome na analinda c1 na d1 kwa pamoja. Ungedhani kazi imekwisha.

Nyeusi inajibu kwa kuipeleka ngome d4. Kitunda kikigeuka malkia kwenye c8, ngome inaruka hadi c4 na kutoa cheki. Haina mlinzi wala matumaini ya kubaki hai, na malkia analazimika kuila kwa sababu mfalme akisogea, malkia mwenyewe ataliwa. Akiila, mfalme mweusi pale a1 anakosa mraba hata mmoja: a2 inatazamwa na malkia, b1 na b2 na mfalme mweupe. Amekwama, na mchezo ni sare.

Jibu hilo lilidumu wiki moja tu. Tarehe 18 Mei Barbier aliwajulisha wasomaji kwamba Fernando Saavedra, padri Mhispania aliyekuwa akiishi Glasgow, amegundua kuwa Nyeupe inashinda. Badala ya malkia, kitunda kinageuzwa ngome. Mtego ukirudiwa na ngome nyeupe ikila c4, mraba wa a2 uko wazi. Mfalme mweusi anaingia humo, na ngome nyeupe inamfunga kwenye a4. Tena, mara tu kitunda kinapogeuka ngome, kuna tishio la cheki ya a8 inayomaliza mchezo. Nyeusi ina kinga moja tu, ngome a4. Mfalme mweupe anasogea b3, anaishambulia ngome hiyo na kuandaa pigo la c1. Nyeusi haiwezi kuzuia yote mawili.

Saavedra, aliyezaliwa Sevilla mwaka 1849 na kufariki Dublin mwaka 1922, hakuwa mchezaji wa sifa. Hakulitunga fumbo, alichangia hatua moja, na jina likawa lake. Mwaka 1902 bingwa wa dunia Emanuel Lasker alilichapisha katika gazeti la Brooklyn Daily Eagle kitunda kikiwa kimerudishwa c6, ili Nyeupe ianze na kushinda. Sura hiyo ndiyo iliyoingia katika vitabu vya mafunzo. Mkanganyiko wa chanzo chake ulibaki hadi Mholanzi John Selman alipofukua magazeti ya zamani katika karne ya 20 na kutenganisha mchango wa Zukertort, wa Barbier na wa padri.