Ushuru wa Bundles na Biashara ya Mtandaoni: Hustler wa Voi Analipa Nini?

Uko Voi, unauza viatu vya mtumba kwa status ya WhatsApp. Wateja wako Mwatate, Wundanyi hadi Taveta, na mzigo unautuma na mathree. Leo hujauza hata pea moja, lakini KRA ishachukua yake. Cheki vile inaenda.

Bundles
Ushuru wa bidhaa kwa data ulianza 2018, asilimia 15. 2021 ukapanda hadi 20, 2023 ukarudi 15. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Piga hesabu: ukinunua bundles za soo, karibu bob 25 ni za serikali. Data yenyewe ni ya kama bob 75.

M-Pesa
Sheria ya Fedha ya 2023 ilitoa ushuru huu kwa asilimia 12, ikaupeleka 15. Haukatwi kwa pesa uliyotumiwa, unakatwa kwa ile ada ya kutuma.

Mauzo
Hapa kuna TOT, ushuru wa mauzo. Inashika biashara inayouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. 2023 ilitoka asilimia 1 ikawa 3, na inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Chunga hapa: ni mauzo, si faida. Ukiuza ya 100,000 kwa mwezi, unatoa 3,000, hata kama faida ilikuwa kiduchu.

Content
Unalipwa juu ya video zako? Asilimia 5 inakatwa kabla doh ikufikie. Mswada wa 2023 ulikuwa unataka 15.

Ile ya 2024
Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kurudisha ushuru wa data kwa asilimia 20, na ule wa ada za kutuma pesa pia. Gen Z wakaingia mtaani, tarehe 25 Juni wakafika hadi Bunge. Kesho yake Rais Ruto akasema hatii sahihi. Ndio maana uliishia hapo hapo kwa 15.

So shida iko wapi? TOT inakungoja ufikishe milioni. Bundles hazingoji mtu. Anayeanza na pea tatu za viatu na mwenye stoo imejaa wanakatwa sawa. Mswada mwingine ukitoka, anza na ile laini ya data.