Nani kaunguza ampli ya mchomoko?

Wandugu, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka tuongelee lile boksi la alumini lenye mapezi, linalofichwa chini ya kiti au nyuma kwenye buti, ambalo likifa gari zima linanyamaza. Amplifaya. Au ampli, kama vijana wanavyoiita.

Kwa nini niwasumbue na ampli? Kwa sababu ampli iliyoungua inasomeka kama kitabu cha historia. Kila kipande kilichomo ndani yake ni jibu la tatizo lililowasumbua watu zamani, na ukilijua lile tatizo unajua pia pa kuanzia kutafuta ubovu. Usipolijua utafanya kama madereva wengi wa michomoko huku Tarime: fyuzi imekata, unaweka nyingine. Imekata tena. Unachukua ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, unaizungushia fyuzi iliyokufa, muziki unapiga dakika tano, halafu moshi. (Michomoko, kwa wasomaji wa Dar, ni magari madogo ya abiria, Probox kwa wingi, yanayokimbia kati ya miji na vijiji.) Dereva anadaiwa hesabu na tajiri kila jioni. Na nyuma kuna abiria waliobanana, waya wa ampli unapita chini ya miguu yao.

Haya, tuanze na betri, maana ndiyo mama wa matatizo yote.

Gari lina volti 12. Injini ikiwaka zinafika kama 14. Hizo haziwezi kuisukuma spika ya omu 4 kwa nguvu kubwa, hesabu inakataa. Redio ya kawaida ya gari, hata kama kwenye boksi wameandika wati 50 mara 4, ikitoa wati 20 za kweli kwa kila spika imejitahidi sana. Ukitaka wati 200 kwa spika hiyo hiyo, umeme unaoingia kwenye spika lazima upande hadi volti 40 kwenye kilele cha wimbi. Volti 40 utazitoa wapi kwenye betri ya 12?

Swali hilo ni la zamani kuliko Uhuru wetu. Mwaka 1930 huko Chicago kampuni ya Paul Galvin iliingiza sokoni redio ya gari kwa jina la Motorola. Redio za wakati huo zilitumia valvu za kioo, na valvu zilitaka volti zaidi ya mia moja, wakati betri nyingi za magari zilikuwa za volti 6. Mwanzoni watu walibeba betri za ziada ndani ya gari. Miaka hiyo hiyo ya 1930 kikaenea kidude kinachoitwa vaibreta: kijiti cha chuma kinachotetemeka mara mia moja na zaidi kwa sekunde, kikikata na kuunganisha umeme wa betri ili transfoma iweze kuupandisha. Transfoma haiupandishi umeme wa betri hivi hivi, lazima uukatekate kwanza. Vaibreta ilikuwa na ugonjwa mmoja mbaya: ncha zake zikigandana, umeme unapita moja kwa moja na fyuzi inakata.

Huo ugonjwa ukumbukeni, tutakutana nao tena Tarime.

Desemba 1947 maabara ya Bell huko Marekani ikazaa transista, na mwaka 1955 Chrysler na Philco wakatangaza redio ya gari isiyo na valvu hata moja. Transista haidai volti mia, kwa hiyo betri ya gari ikatosha na vaibreta ikaanza kwenda makumbusho. Lakini baadaye watu wakataka besi. Sauti ya kawaida haikutosha tena, kifua lazima kitetemeke. Lile swali la betri likafufuka.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani wengi hawalijui. Mwaka 1959, hapo hapo Bell, mhandisi Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said, Misri, pamoja na Dawon Kahng wa Korea, walibuni aina ya transista iitwayo mosifeti. Mzaliwa wa Afrika, jamani! Huyo huyo Atalla baadaye alitengeneza mfumo wa kulinda namba za siri za benki, kwa hiyo ukitoa hela kwenye ATM mkumbuke. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mosifeti za nguvu zikawa sokoni, na ndizo zilizokuja kurithi kazi ya vaibreta ndani ya ampli: kuukatakata umeme wa betri, safari hii makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ukifungua ampli utaziona zimejipanga upande nyaya za betri zinapoingilia, zimebanwa kwenye ubavu wa boksi ili zipoe. Jirani yake kuna kiduara kilichozungushiwa waya wa shaba, ndiyo transfoma. Upande wa pili zipo transista zinazosukuma spika.

Ugonjwa wa vaibreta nao umerithiwa. Mosifeti ikiungua, mara nyingi inakuwa shoti. Umeme unapita moja kwa moja, fyuzi inakata mara tu ukigusisha waya. Karibu miaka tisini, dalili ni ile ile.

Sasa ampli ilifikaje Tarime? Watu wa Mara hawakusubiri betri ili wakuze sauti. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane na bakuli la mbao lililowambwa ngozi, na hilo bakuli ndilo ampli yenyewe. Halina fyuzi. Redio ilipoingia mambo yakabadilika. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni 2 nchini walikaa kwenye vikundi kusikiliza vipindi vya redio. Redio zikitegemewa kiasi hicho lazima awepo wa kuzitengeneza, na nadhani miaka ile ndiyo iliyompa fundi redio heshima yake vijijini.

Halafu ikaja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Kwa mtu wa Dar hiyo ni habari ya gazetini. Kwa mtu wa Sirari ni habari ya shangazi yake, maana ule mstari waliouchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwakata Wakurya katikati, na Isebania ipo hapo tu ng'ambo. Ndani ya nchi bidhaa ziliadimika, mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na kuwa na vitu vingi vya dukani nyumbani kukawa na maelezo yake. Mwaka 1984 serikali ikaanza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Fundi aliyejifunza kazi katika miaka ile alijifunza bila duka la spea. Redio iliyokufa haikutupwa, ilichunwa kama ng'ombe. Hadi leo kwenye vibanda vyao utaona bodi kuukuu zimening'inia ukutani, na mimi naiona hiyo kama shule yenye nidhamu kuliko vyuo vingi.

Mgodi wa North Mara kule Nyamongo ulianza uzalishaji mwaka 2002. Magari ya mitumba kutoka Japani nayo yakazidi kumiminika, na muziki ukawa sehemu ya biashara. Abiria kijana akikuta magari mawili yanasubiri, anapanda linalonguruma. Ila barabara ya kutoka Tarime kupita Nyamwaga na Nyamongo, kuvuka Mto Mara hadi Mugumu, makao makuu ya Serengeti, kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na mashimo. Mtikisiko hulegeza skrubu za nyaya na kupasua risasi iliyoshikilia vipande kwenye bodi, na vumbi hujaa kwenye mapezi joto likakosa pa kutokea. Wale waliobuni ampli ya gari sidhani kama walikuwa na barabara hiyo akilini.

Fundi mmoja wa Tarime mjini, mtu mzima, aliniruhusu nikae kibandani kwake nitazame kazi. Ikaletwa ampli ya mchomoko wa njia ya Mugumu. Dereva, kijana, alitaka ifunguliwe hapo hapo.

"Mura, gari liko wapi?" fundi akamuuliza.

"Mzee, iliyoungua ni ampli, gari ni zima."

"Lete gari."

Gari likaja. Fundi hakuigusa ampli kabisa. Alichukua multimita akapima nyaya za spika: 1.7. Akacheka peke yake. Buti lilikuwa na sabufa mbili za omu 4 zilizofungwa sambamba, kwa hiyo ampli ilikuwa inaona omu 2, na chaneli zake mbili zilikuwa zimeunganishwa pamoja kuisukuma sabufa. Kwenye boksi lake iliandikwa kabisa kwamba kwa ufungaji huo isiende chini ya omu 4. Omu zikipungua nusu, umeme unaopita unaongezeka maradufu. Joto linafuata.

Akafuata waya wa betri. Ulikuwa waya mwembamba wa kufungia taa za nyumbani! Piga hesabu: wati 400 kutoka betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 33. Waya ule ulikuwa umeanza kulainika ganda lake chini ya kapeti. Waya wa hasi ulikuwa umefungwa kwenye boliti juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme vizuri. Karibu na betri hapakuwa na fyuzi kabisa. Fyuzi iliyo kwenye ampli inailinda ampli. Ile ya karibu na betri ndiyo inayolinda waya usigeuke kuwa kibiriti, na ndiyo ambayo mafundi wa haraka huiacha ili kubana gharama. Mimi hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Ndipo akafungua boksi. Harufu unaijua. Mosifeti mbili zilikuwa zimepasuka tumbo, kila mtu angeziona. Lakini yeye alianzia upande wa pili, kwenye transista za spika, na akakuta mbili ni shoti. Kwa maelezo yake hizo ndizo zilizotangulia kufa, zikavuta umeme mwingi kupita kiasi, mosifeti zikafuata. Ukibadilisha mosifeti peke yake, zile mpya zinaungua sekunde ile ile na hela yako imekwenda. Akabadilisha pande zote mbili, mosifeti zote za safu ile kwa pamoja, na vile vipingamizi vidogo vinavyozitangulia, maana huwa vinaungua kimya kimya. Akapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, akabana skrubu zote.

Kuwasha nako kuna ustaarabu wake. Hakuiunga moja kwa moja kwenye betri. Alipitisha umeme kwanza kwenye balbu ya taa kubwa ya gari. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, ndani bado kuna shoti, na balbu imekuokolea spea. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, ampli inapumua. Ilimulika, ikafifia.

Ubishi ukaanza kwenye malipo. Dereva alitaka ampli tu. Fundi akagoma kuifunga mpaka waya mnene ununuliwe, fyuzi ikae karibu na betri, na rangi ikwanguliwe pale kwenye boliti. Sabufa akazifunga kwa mfululizo, zikawa omu 8. Kijana akapiga simu kwa tajiri, akanyamaza kidogo, akalipa.

Wimbo wa kwanza ulipopiga akakunja uso. Besi ilikuwa imepungua, hilo halikuwa na ubishi. Akataka nyaya zirudishwe zilivyokuwa. Fundi alikuwa ameshaanza kufungua redio ya mteja mwingine. Stendi wakawa wanamwita kwa honi, gari la Mugumu limebakiza mtu mmoja lijae, akaondoka ananung'unika.