Kuupima Uvimbe kabla ya Kisu: Ultrasaundi, Saratani ya Kibofu na Urithi wa Kumbukumbu za Kuluva, Nile Magharibi

Makala hii inajadili historia ya kukadiria hatua ya saratani ya kibofu cha mkojo kwa kipimo cha ultrasaundi kabla ya upasuaji, ikiitazama kutoka Mvara, mjini Arua. Hoja yake ni kwamba picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi kuonyesha hatua ya ugonjwa. Thamani yake hupatikana pale inapoandikwa, ikalinganishwa na kilichoonekana katika upasuaji na maabarani, kisha mgonjwa akafuatiliwa. Nile Magharibi ina urithi wa kazi ya namna hiyo.

Umuhimu wa hatua ulithibitishwa mwaka 1946, pale Jewett na Strong walipochapisha nchini Marekani matokeo ya uchunguzi wa maiti 107. Walionyesha kwamba kadiri saratani inavyopenya ndani zaidi ya ukuta wa kibofu, ndivyo inavyoelekea kusambaa. Uvimbe ulio juu ya utando huweza kukwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mrija wa mkojo. Uliofika kwenye msuli huweza kudai kuondolewa kwa kibofu chote. Uliovuka ukuta na kusambaa mbali ni nadra kuponywa kwa kisu peke yake. Wakati huo daktari alitegemea darubini ya kibofu, kinyama kilichopelekwa maabarani, na mkono wake alipompapasa mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi.

Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za uvimbe wa tumboni zilizopatikana kwa mawimbi ya sauti. Kibofu kilifaa sana kwa njia hiyo, kwa kuwa mkojo hupitisha mawimbi vizuri na ukuta huonekana wazi kinapojaa. Mwaka 1974 Holm na Northeved wa Denmark walieleza kipimo kinachoingizwa kupitia mrija wa mkojo, na mwaka 1980 Nakamura na Niijima wa Japani wakakitumia kifaa cha aina hiyo kukadiria hatua ya saratani. Tofauti hiyo ni ya msingi. Matokeo yaliyopatikana kwa kifaa kilichokuwa ndani ya kibofu hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye kipimo cha juu ya tumbo, ambacho ndicho cha kawaida katika hospitali za wilaya.

Kipimo cha juu ya tumbo huonyesha uvimbe wenye ukubwa wa kutosha na figo zilizovimba kwa kuzibwa njia ya mkojo, dalili inayozidisha shaka kwamba msuli umeshapenywa. Lakini huweza kukosa uvimbe mdogo, hasa ulio shingoni au ukuta wa mbele wa kibofu. Bonge la damu nalo huweza kudhaniwa uvimbe, isipokuwa mgonjwa ageuzwe ubavu ili ionekane kama linahama. Zaidi ya yote, hakitofautishi kwa uhakika uvimbe ulioishia chini ya utando na ule ulioanza kuingia msulini, na hapo ndipo uamuzi wa upasuaji hugeukia.

Afrika Mashariki ilichangia somo jingine. Katika miaka ya 1980 watafiti nchini Tanzania, Pemba ikiwemo, walipeleka mashine za kubebeka vijijini kupima madhara ya kichocho kwenye kibofu na figo. Mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey kusanifisha vipimo hivyo, na mwongozo wao ukachapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000. Hata hivyo, sababu za ugonjwa si zilezile kila mahali. Kichocho cha kando ya Nile ya Albert ni cha matumbo. Kile cha mkojo, kilichotambuliwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani mwaka 1994, nchini Uganda kilijulikana hasa Lango. Mwaka 1964 Owen Dodge alieleza saratani za kibofu na mrija wa mkojo kwa Waganda waliokuwa na tatizo la mkojo kuziba. Kwa hiyo mgonjwa wa Arua anayetibiwa mrija uliobana anastahili kibofu chake nacho kichunguzwe.

Misheni ya Africa Inland ilifika Arua mwaka 1918, na Mvara ikawa makao yake. Kutokana na kazi hiyo Daktari Ted Williams alianzisha hospitali ya Kuluva, nje kidogo ya mji, mwaka 1941. Mwaka 1961 alisafiri na Denis Burkitt na Clifford Nelson kwa wiki kumi hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali kuhusu uvimbe wa taya za watoto. Kumbukumbu za wagonjwa wa Nile Magharibi ziliwezesha utafiti wa Pike, Williams na Wright wa mwaka 1967, ulioonyesha kwamba wagonjwa wa miaka ya 1961–1965 walijikusanya mahali na wakati fulani. Kati ya 1972 na 1974 watoto wapatao 42,000 wa eneo hilo walitolewa damu kwa utafiti wa virusi vya Epstein-Barr. Vita vya 1979 na baada yake viliwafukuza wakazi wengi hadi Zaire na Sudan.

Kwa mshauri wa sera, funzo ni bayana. Arua iko takriban kilomita 500 kutoka Kampala. Picha isiyo na maelezo humfanya mgonjwa agharimie safari hiyo ili kuanza upya, au afunguliwe tumbo pasipo faida. Mashine inaponunuliwa, iandamane na fomu moja ya mkoa: kibofu kilijaa kiasi gani, uvimbe uko ukuta upi na una ukubwa gani, figo zikoje, kisha jibu la maabara na hali ya mgonjwa baada ya mwaka. Kuluva ilifanya mengi kwa kalamu na daftari. Ultrasaundi isiyo na daftari itabaki kuwa kivuli kwenye kioo.